Pengo la Tatu Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi, maji yakishakupwa, mkunga mstaafu na fundi wa meno ya bandia walishuka ufukweni kuokota meno ya papa. Si ya papa wa juzi. Ni ya papa waliokufa kabla binadamu hajajua kusema uongo, yaliyolala ardhini hadi yakageuka jiwe, meusi, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Ngema, ule ukingo mrefu wa pwani, ikimeguka, mawimbi huyaosha na kuyaacha kwenye ukanda wa changarawe. Mkunga alitangulia, mikono mgongoni. Fundi alimfuata hatua tatu nyuma, akiokota kile ambacho macho ya mwenzake yamekiruka.

Zamani walikuwa mtu na mkwewe. Ndoa ilidumu miaka minane; wa tisa mtoto wa kiume wa mkunga akatoa talaka, na fundi akahama na masanduku mawili na mashine yake ya kusugulia meno. Jumamosi iliyofuata alishuka ufukweni bila kualikwa, akamkuta mkunga ameshainama.

"Umechelewa," mkunga alisema, na habari ya talaka ikaishia hapo.

Kilichowaunganisha sasa kilikuwa taya ya papa. Fundi aliifinyanga kwa plasta ileile anayotumia kazini, akaacha vishimo ishirini na vinne vya meno ya juu. Vishimo ishirini na vitatu vilikuwa vimejaa. Lilibaki pengo moja, la tatu kushoto kutoka katikati, nalo lilitaka jino jembamba lililoinamia kushoto.

"Likipatikana hilo tumemaliza," mkunga alisema mwezi uliopita, kwa sauti ya mtu anayesema leo kuna upepo. "Magoti yangu nayo yana haki zao."

Fundi aliondoka na neno hilo na halikumtoka. Aliyekuwa mumewe alikuwa karibu kuoa tena. Mkwe mpya akiingia, mtalaka atakwenda kwa mama wa watu kwa hoja gani? Hoja yake ilikuwa pengo.

"Wateja wako hawajambo?" mkunga aliuliza bila kugeuka.

"Mmoja ameyarudisha meno yake. Anasema akiyavaa yanamcheka."

"Jino la pembe si dawa ya pengo."

"Mama, aliyeitunga methali hiyo alikuwa na meno yote."

Mkunga alicheka puani, akaendelea. Fundi akashusha macho, akaliona. Lilikuwa kati ya kokoto mbili, zima, mzizi wake haujapasuka. Hakuhitaji rula, mtu anayepanga meno kutwa hupima kwa jicho. Jembamba, limeinamia kushoto. Alipoinama, kivuli cha mkunga kilikuwa kimeshafika.

"Umepata nini?"

Jino la papa lina pande mbili: bapa, uliotazama mdomo, na uliobenuka, uliotazama ulimi. Ukilishika kinyume, la kushoto huonekana la kulia. Ndilo kosa la kwanza la kila mgeni, na mkunga alimwonya nalo siku ya kwanza kabisa: ubapa mdomoni, mbenuko ulimini.

Fundi aliligeuza, mbenuko ukatazama juu.

"La kulia," alisema. "Haliingii."

Mkunga alinyoosha kiganja. Mikono ile iliwahi kugeuza watoto waliokaa vibaya tumboni mwa mama zao, tena bila haraka. Aliligeuza jino kwa kidole gumba.

"Lilikaa vibaya," alisema. "La kushoto. La tatu."

Fundi alipangusa mchanga viganjani.

"Nimekupa somo, unanirudishia limelala kifudifudi. Unataka nini?"

"Nataka kuja Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Zote."

Mkunga alifungua kopo la dawa ya kikohozi, akalitia jino ndani, akafunga. Mfuniko ulimpa tabu kidogo.

"Wewe kazi yako ni vinywa. Umewahi kuona mtu mwenye taya moja?"

"Hapana."

"Basi papa wa watu atatafuna kwa kitu gani? Tengeneza ya chini."

"Na magoti?"

"Magoti yangu, shauri langu."

"Na mkwe mpya?"

"Nilishamwita. Anaogopa jua." Mkunga aligeuka, akaanza kutembea. "Ungeuliza tu, mwanangu. Mdomo unao."

Fundi alisimama akipiga hesabu. Meno ya chini ya papa ni membamba zaidi, na kila fundi anajua taya ya chini ndiyo yenye ugomvi: haishiki, ulimi unaisukuma, mteja anarudi kila wiki. Vishimo ishirini na vinne tena. Plasta alikuwa nayo.

Alingoja mkunga atangulie hatua tatu, akamfuata.