Mstari wa Nyanjige

Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hiyo mtu asitegemee nitaeleza demokrasia kama wanavyoelezaga redioni. Naeleza tulivyoshindwa, basi.

Kitongoji chetu kina lambo moja. Ng'ombe wanaingia humo, wanakunya humo, na sisi tunachota humo. Kuchemsha tunachemsha, ila kuni huku ni za kutafuta, na mtoto akishikwa kiu hasubiri. Binti yangu Kabula ana miaka minne na ameshalazwa Bariadi mara mbili kwa homa ya matumbo. Mara ya pili daktari aliniambia, "Ukimrudisha kwenye maji yale yale, utamleta tena." Nikamuuliza nimpeleke wapi sasa. Akaandika dawa.

Ndiyo maana ulipofika uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati ya maji nilikomaa. Waligombea wawili. Masele ana ng'ombe zaidi ya mia tatu, na hicho kiti amekikalia miaka sita. Nyanjige ni mama mjane, alitaka lambo lizungushiwe uzio na ng'ombe wajengewe birika nje, wanywee huko. Masele alisema ng'ombe wake sio wanafunzi wapange foleni. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikakasirika.

Wiki mbili nilizunguka na pikipiki nyumba kwa nyumba. Mwandu, bodaboda mwenzangu, akawa ananitania kijiweni. Alikuwa na video kwenye simu, nchi fulani huko mbali, watu wanavunja vioo kisa kura.

"Ona wenzako," akasema. "Wana mashine, wana kila kitu, bado wanaibiana. Wewe na lambo lako utaweza?"

"Hao wako mamilioni," nikamwambia. "Sisi tuko mia na ushee, tunajuana mpaka mbwa. Hapa kura haiibiki."

Na kweli haikuibiwa.

Siku yenyewe akaja afisa wa halmashauri, Ansbert, mtu wa Bukoba, hana hata mwaka huku. Akatuambia duniani kuna watu wanafungwa kwa kudai hiki tunachopewa sisi leo, tusikichezee. Tukamuuliza karatasi ziko wapi.

"Karatasi ni za uchaguzi mkubwa," akasema. "Kamati mnachagua kwa mistari. Wa Masele nyuma ya Masele, wa Nyanjige nyuma ya Nyanjige. Na msogeleane, nisije nikahesabu hewa."

Mimi nilikaa mwisho kabisa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napanga watu. Nilijua bado mmoja. Nilikuwa nimemtuma Mwandu akamlete mama mkwe wangu kutoka ng'ambo ya korongo. Mwenyewe siwezi kumpakia. Kwetu mama mkwe humsogelei, humshiki mkono, mkikutana njiani unaingia majanini apite. Haya mambo mimi nayaitaga ya kizamani, nimeshasema hivyo hata mbele ya baba.

Pikipiki ikafika. Mama mkwe akashuka, akaja moja kwa moja kwenye mstari wetu, maana Kabula ni mjukuu wake na wodini yeye ndiye alilala naye. Alikuwa ameinamisha kichwa, hakuangalia mgongo ni wa nani.

"Sogea mama, usiache pengo," Ansbert akasema, akamsukuma begani kidogo.

Nikamsikia anaguna nyuma yangu. Ameshanitambua.

Hapo sikuwaza. Miguu ilitoka yenyewe. Nikapisha kushoto, nikainama, ili yeye abaki ahesabiwe. Nilipoinua macho, na yeye ametoka, yuko kulia, amejifunika kanga kichwani. Amepisha ili nibaki mimi.

Tukawa nje wote wawili. Na ni kama tuliwakumbusha wengine. Watu wakaanza kugeuka kuangalia aliyesimama nyuma yao ni nani. Akatoka Athanasi wa mstari wetu, akatoka na mama mkwe wake. Wakaendelea kutoka.

Nikaangalia mstari wa Masele. Wanaume mbele, katikati wake zake na dada zake, kina mama wakwe mwisho kabisa. Mdogo wake alikuwa anawapanga tangu asubuhi, mimi namwona, nadhani anapoteza muda.

Nikamkimbilia Mwandu. "Mwambie mama mkwe aende mbele, akasimame karibu na Nyanjige."

"Hakuna kuhama," Ansbert akasema. "Nimeshaanza kuhesabu."

"Afisa, sisi wa pembeni ni wa Nyanjige. Utuhesabu na sisi."

"Mko kwenye mstari?"

"Hatuwezi. Kuna wakwe."

"Wamewafanya nini?"

"Hawajatufanya kitu."

"Basi rudini."

"Haiwezekani."

Akaniangalia kama chizi. "Kijana, mimi naandika walio kwenye mstari. Fomu yangu haina sehemu ya wakwe."

Masele sitini na nne. Nyanjige hamsini na saba. Pembeni tulikuwa tisa.

Nyanjige akanifuata. Hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo. "Mahona, mwanangu, si ungebaki tu?"

"Mayu, mama yangu, wewe ungebaki?"

"Nisingebaki," akasema.

Masele akapita na watu wake. "Huyu kijana ana adabu," akasema. "Ningekuwa na binti ningemwoza." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Ansbert akataka shahidi mmoja kila upande. Nyanjige akanitaja mimi. Fomu iliandikwa uchaguzi umekuwa huru na wa wazi, kila mtu amesimama alipotaka. Niliisoma mara mbili natafuta uongo, nikaukosa. Nikasaini.

Nyumbani nilikuta mke wangu, Esteria, aliyekuwa mbele mstarini, ametangulia kurudi na ameshajua yote. Mwandu alimpitisha mama mkwe pale akimrudisha kwao.

"Mama anasema usijilaumu," akaniambia. "Anasema yeye ndiye alichelewa kuangalia."

"Mwambie na yeye asijilaumu."

"Nitamwambia."

Tulipogeuka, Kabula alikuwa ameshafunua ndoo, ile ambayo haijachemshwa, kikombe kiko mdomoni. Niliinuka kumnyang'anya.

"Mwache," Esteria akasema. "Asubuhi yote alikuwa kwa jirani. Unadhani huko alikunywa nini?"

Nikakaa. Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu. Kabula akamaliza, akachota tena.