Harusi Kwenye Kidonda cha Mjakaranda

Asenath alikuwa akipooza uji wa watoto, kikombe kwa kikombe, jamaa wa kuvu walipotoka kwenye kidonda cha mjakaranda wakaketi mikekani, wazee kwa vijana, weupe kama unga. Walikuwa na posa. Mti huo ndio kivuli pekee cha ua wake hapo Njiru. Ukifa, watoto anaowalea wazazi wao wakiwa kiwandani watashinda ndani ya mabati, na mabati ya Njiru saa saba mchana ni tanuri.

Hakuwafukuza. Mkwe hafukuzwi hata akiwa mwizi. Akawateremshia chai ya maziwa, uso ameukunja.

Ukoo wa bibi harusi ulikuwa mtini siku nyingi na haukuwa umeua hata tawi. Wa bwana harusi ulitoka Mathare.

"Mshenga wenu nani?" Asenath akauliza.

"Msumeno wa Musyoka," akasema mzee wa Mathare, akipuliza chai. "Kila mti unaotupeleka tunakuta ukoo mwingine, tunaoana. Watoto hawafanani, kila mmoja na ujanja wake. Dawa ikiwaua wengine, yuko atakayeila kama mandazi."

Asenath aliujua msumeno huo. Miaka yote Musyoka amekatia mwenye ploti matawi, na msumeno haujawahi kuonja hata maji.

Musyoka akaja alasiri hiyohiyo, meno ya msumeno yakinata utomvu.

"Musyoka, upanguze na spiriti kwanza! Si unawaona wakwe?"

Musyoka akawasalimu wageni mmoja mmoja, kwa mkono. "Nawaona, mathe. Lakini spiriti landlodi hanunui. Anasema kuvu ni kuvu. Mti ukigonjeka, kata, enda kwa ingine."

Asenath akampigia simu mwenye ploti, akampa mzee aeleze mwenyewe. Mwenye ploti akasikiliza, kisha akasema wageni hawaruhusiwi bila keateka, msimamizi wa ploti, kujulishwa, na mti ukatwe leo.

"Shenzi!" Asenath akasema. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Mjakaranda ukaanguka. Maharusi wakashukuru kwa chai, wakapanda kwenye meno ya msumeno pamoja na watoto wao waliokwisha zaliwa. Bibi harusi alipanda mwisho, akiinua gauni lisishike utomvu.

Asenath akawaingiza watoto ndani ya mabati. Mdogo wao akaanza kulia kwa joto. Kwa jirani yake Kavutha, Musyoka alikuwa tayari juu ya mti, anakata.