Nanga ya Nyuzi

Haya, wewe unayesinzia hapo, tegua hiki: kuna mlinzi analinda kwa kulala, akiinuka tu, mali inaondoka. Usiseme ni zamu, yule mlinzi wa usiku wa pale sokoni Bwiza. Yule hulala na mali huondoka vilevile.

Atumani, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na mtumbwi mmoja tu ziwani. Ilikuwa miaka ya vita. Askari walikuwa wamepanga madumu ya njano majini: mtumbwi ukiyapita, hata usipokuwa na mtu, unachukuliwa na haurudi. Na upepo wa milimani kila asubuhi ulisukuma mitumbwi huko huko kwenye madumu.

Kwanza alifunga jiwe. Likaburuzika chini kama mtoto asiyetaka shule. Akachomelea kulabu. Ikapita kwenye tope kama kidole kwenye uji, mtumbwi ukakaribia dumu hadi askari wakampigia makofi.

Chuma kikamwishia, na mipaka imefungwa. Akamwendea Aloys, seremala wa Kanyosha, mtu wa milimani ambaye Kiswahili alikuwa bado anakitafuna.

"Nitengenezee nanga. Ya mbao, kubwa."

"Kamba je, Mzee?"

"Weka nyingi. Ukaze sana."

"Basi watu watalia."

"Walie tu. Mi nataka ishike."

Aloys akaja nayo amebeba kichwani: ubao mpana wenye tumbo lililochongwa kama kihori, nyuzi zimekazwa juu yake.

"Hii nini?" Atumani aliuliza.

"Inanga. Unapiga, unaimba polepole."

"Mi nilisema nanga."

"Na mi nimeleta nini?"

Wakatazamana. Kwa Kirundi inanga ni zeze la kuimbia kwa sauti ya chini, na Aloys hakukosea hata kidogo. Basi, ili kazi isipotee, wakabana jiwe kwa nyuzi za ile inanga, wakaitupa majini na kuvuta. Tumbo likachota tope, likashika. Mtumbwi ukatulia. Halafu nyuzi zikakatika moja moja, *tuing, tuing*, jiwe likachomoka, inanga ikaibuka na kuelea kama bata.

Aloys alisikitika. Atumani alikuwa anacheka peke yake. Kumbe kidole hakishiki uji, mwiko unashika. Inatakiwa tumbo, ila tumbo la chuma.

Jioni ile Khadidja, mke wake, akatafuta jikoni.

"Baba Houda, karai yangu iko wapi?"

"Hivi mwezi wameuona?"

"Wameuona. Kesho tunafunga, na sambusa za futari sitakaanga kwenye kiganja. Karai iko wapi?"

Atumani akakumbuka kuswali, mtu ambaye kwa kawaida hukumbushwa.

Asubuhi upepo ukashuka kwa hasira. Mitumbwi ya majirani ikaanza kwenda, wenyewe wakiruka majini kuikimbilia. Wa Atumani ulitikisika, ukageuza pua, ukasimama. Kamba yake ilikaza kama uzi wa inanga. Askari akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaketi.

Khadidja akafika ufukweni na sinia la sambusa mbichi kichwani, na nyuma yake nusu ya Bwiza.

"Sasa we utanijibu mbele ya watu. Karai yangu iko wapi?"

Atumani akaangalia mtumbwi, akaangalia sinia, akashusha sauti kama mpiga inanga.

"Imelala, Mama Houda. Pale chini. Tafadhali usiiamshe."