Konokono wa Jiwe

Wiki ya tatu sasa fundi saa alikuwa anagombana na ramani. Ramani ya miamba ilisema mji mzima umekaa juu ya mwamba wa volkano, na yeyote anayeokota visukuku anajua kwamba mwamba uliotoka motoni hauhifadhi konokono. Sasa huyu konokono wa jiwe, aliyemchimbua uani kwake mwenyewe, katoka wapi?

Akamkagua tena kwa lenzi yake ya kazini. Akamdondoshea siki, jiwe likatoa povu. Chokaa, hakuna ubishi!

“Waliochora hii walikuwa wamelala,” alifoka, akaendelea na barua ya kuwaumbua, ukurasa wa nne.

“Saa za watu zimejaa mezani,” mkewe alisema, “wewe umeng’ang’ania konokono aliyekufa.”

Mara akaingia shemeji yake, dereva wa lori, kufuata saa yake. Akalitupia jiwe jicho, akacheka.

“Haya si yalikuwa tele kwenye kile kifusi nilichokumwagia mwaka juzi, uzibe shimo la uani? Hata asante hukusema.”

Fundi saa akaichana barua, kurasa zote nne.

“Shemeji, kifusi chenyewe ulikitoa wapi?”

“Mwaka juzi, nikumbuke? Wewe saa niliyokuletea mwezi uliopita unakumbuka umeiweka wapi?”

Fundi saa aliinua ramani taratibu. Saa ilikuwa chini yake, imefunguliwa, haijaguswa tena.