Cherehani Kutoka Igunga

Baada ya adhuhuri, wateja wanapopungua, Faris hukaa nyuma ya kaunta ya duka lake la vipuri vya baiskeli pale Mtendeni, huegemeza simu kwenye kopo la grisi na kucheza poka ya mtandaoni. Hucheza meza za dau dogo tu. Mtaji wake ameugawa mafungu madogo madogo, na mezani huingia na fungu moja. Likiisha, huzima simu na kurudi kupanga spoku. Karata mbaya huzitupa bila kinyongo, na karata nyingi ni mbaya. Alichopoteza hakikimbilii. Pesa ya duka haigusi, wala ya nyumbani.

Kwa utaratibu huo alikuwa akishinda kidogo kidogo. Pesa iliingia kwenye simu kama kawaida, na kesho yake alasiri yule aliyeshindwa alifika nyumbani kwa Faris kwa miguu, amebeba kichwani kitu ambacho familia yake ingekikosa kwa sababu ya pesa ile: sukari, viatu vya shule, bati la jikoni. Watu hao walifuata njia ya kale ya misafara, waliyopita wapagazi, wakaingia mjini na vumbi hadi magotini. Nyumba ile aliijenga babu wa babu yake Faris, Hamoud, aliyekuwa akinunua pembe za ndovu, na mlango wake wa uani ni mpana, kwa hiyo mizigo haikusumbua. Walipiga hodi, wakatua, wakanywa maji, wakaenda kituoni kupanda basi la kurudi. Makondakta walishawazoea, wakawapunguzia nauli kwa kuwa hawakuwa na mzigo.

Faris naye aliposhindwa alibeba. Siku moja alipeleka mche wa sabuni Kipalapala, kwa mkulima mmoja anayeitwa Wenceslaus, na aliporudi chai yake ilikuwa bado ya moto.

"Ndiyo faida ya fungu dogo," alimwambia mkewe, Khole. "Mzigo wangu hauzidi mkono mmoja."

Kwa Khole kamari ni haramu, na hakupika wala hakuvaa chochote kilicholetwa kwa njia hiyo. Vitu vilirundikwa stoo.

Kisha akaanza kuja Majidi, mume wa Shamila, binamu yake Khole aliyeolewa Igunga. Mezani Majidi alijiita Mwamba wa Manonga, hivyo Faris hakujua anacheza na nani mpaka alipomwona mlangoni na gunia la mpunga. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto.

"Mpunga wa mavuno?" Khole aliuliza.

"Wa mbegu," Majidi alisema, akaomba maji.

Majidi hakuwa na mafungu. Alikuwa akiweka chote alichonacho kwa mkupuo, akishindwa anakopa, kisha anarudi mezani na hasira. Alileta godoro la mtoto. Alileta dirisha pamoja na fremu yake. Halafu alileta cherehani nzima, na miguu yake ya chuma, shingo yake mwenyewe ikiwa imezama mabegani. Kwenye meza ya cherehani palikuwa na jina la Shamila, limeandikwa kwa rangi ya kucha. Shamila ni fundi, na familia ilikuwa ikila kwa cherehani ile.

"Irudishe, baba Ghadir," Khole alisema.

Faris aliipakia kwenye lori la Igunga. Wiki iliyofuata Majidi alipiga hodi tena, nayo ikiwa kichwani. Faris alimkalisha barazani, akamweleza kwa upole namna ya kucheza: gawanya mtaji, kaa na fungu moja, likiisha inuka.

"Mtaji gani, ndugu yangu?" Majidi alisema. Akaipigapiga cherehani. "Mtaji ndio huu."

Iliporudishwa mara ya pili, Khole alimkataza mumewe kukaa meza moja na mtu yule. Faris alitii, akahamia meza nyingine. Majidi hakuonekana tena uani, na Khole akapata usingizi, mpaka Shamila alipopiga simu. Cherehani ilikuwa imeondoka. Safari hii mumewe aliibeba kuelekea magharibi, labda Urambo, labda mbele zaidi. Mwenyewe hakumbuki mlango alioingia. Sare za shule za watu zilikuwa zimekatwa tayari, zimekaa kwenye mfuko.

Khole aliweka simu chini, akapepeta mchele wote, akamaliza.

"Rudi kwenye ile meza," alisema.

"Ulinikataza."

"Hapa angalau tunajua iko wapi."

Faris alirudi, akamtafuta mezani yule aliyeishinda cherehani, akamkuta, akakaa naye adhuhuri baada ya adhuhuri bila kuongeza dau. Alitupa karata nyingi. Mara kadhaa ilimbidi kutembea hadi Urambo na mshumaa au pakiti ya chumvi mkononi. Mwishowe bwana mmoja mnene, Ezekia, aliingia uani na cherehani, akalalamika kwamba chuma cha zamani ni kizito, akaitua, akaondoka.

Faris alitaka kuituma Igunga. Shamila alikataa kwenye simu.

"Mkiirudisha, shemeji, ataibeba tena. Iacheni hapo hapo, nitaifuata."

Tangu hapo Shamila huja na basi la asubuhi, mfuko wa vitambaa begani, na kushonea uani kwa Khole. Khole humpikia kwa pesa ya duka. Hakuna aliyemwambia Faris aache, na yeye husema akiinuka yeye atakaa mwingine asiye na subira, jambo ambalo ni kweli. Majidi bado hucheza.

Jumatano moja alasiri Shamila alikuwa akishona kola, amekalia ndoo iliyopinduliwa, Majidi alipopiga hodi. Alikuwa amebeba kiti cha mninga alichokuwa akikalia mkewe kule nyumbani.

"Kiweke hapa," Shamila alisema.

Alikikalia, akakisogeza kidogo mpaka mguu ukafika vizuri kwenye kanyagio. Akamwambia mumewe awahi basi, akaendelea na kola.