Dakika Arobaini kwa Bruckner

Twyla Hendershot aliegesha basi la shule namba kumi na saba kwenye yadi ya mabasi, akateremka na bahasha ya kuponi za kupunguziwa bei dukani ameibana kwapani. Ilikuwa saa tatu asubuhi na dakika chache. Watoto wakubwa alikwisha kuwashusha shuleni, na wale wa chekechea angekwenda kuwachukua saa nne na nusu. Katikati hapo, ukiondoa muda wa kwenda na kurudi, alikuwa na dakika arobaini za kununua chakula cha wiki nzima.

Hajafika hata kwenye gari lake, Burl, bosi wa madereva, akamwita kutoka mlangoni mwa ofisi.

"Twyla! Jumamosi kuna timu ya shule inakwenda Columbus. Nikuandike?"

"Nipe nafasi mpaka nirudi, bosi."

"Ukirudi uwe na jibu. Wenzako wanaigombania hiyo."

Tangu Septemba hakuwa ameikataa hata safari moja ya Jumamosi. Kila wiki alitenga dola tisini za chakula, na kila wiki zikamwishia kabla hajafika kwenye maziwa. Malipo ya safari ndiyo yaliyoziba pengo. Lakini Jumamosi hii mwanawe Everett, wa miaka kumi na mmoja, angesimama na bendi ya shule na kupiga tromboni peke yake mbele ya wazazi wote. Habari yenyewe aliitoa akiwa ameinamia bakuli la konfleksi.

"Ni kipande kifupi tu, mama. Kama una safari, si kitu."

Hilo "si kitu" lilimkaa Twyla kifuani kama mwiba wa samaki. Akaamua mwenyewe, bila kumwambia mtu: nikitoka dukani ndani ya dola tisini, Jumamosi ni ya Everett. Nikizidisha, ni ya Columbus.

Kwa hiyo alijiandaa. Jumapili jioni mumewe Dwight alimletea magazeti matatu: lao wenyewe, la mama yake, na jingine alilolikuta limeachwa kwenye chumba cha chai kazini. Twyla akakaa na mkasi, akakata kuponi arobaini na moja. Akazipanga ndani ya bahasha kwa mfuatano wa safu za duka la Bruckner, kwanza mkate, kisha vya kopo, kisha unga na tambi, kisha sabuni, na vya baridi mwishoni, ili asukume toroli bila kurudi nyuma hata hatua moja. Tena ilikuwa Jumatano, siku ambayo Bruckner huzidisha thamani ya kila kuponi mara mbili. Mpango ulikuwa umekamilika.

Aliingia, akakata kulia kwenye mkate, akakuta chakula cha paka.

Akarudi nyuma kusoma kibao. Akaenda safu ya pili. Palipokuwa na vya kopo pamejaa nepi. Ya tatu ilikuwa ya mishumaa na kadi za siku ya kuzaliwa. Twyla alizunguka na toroli kama mtu aliyeamka usiku akakuta choo kimehamishwa. Kila alipoona kitu chenye kuponi alikitupia torolini, kwa kuogopa kwamba akikipita hatakiona tena. Alipotazama saa, dakika kumi na tano zilikuwa zimekwenda.

"Wamelipindua duka lote, bibie," ikasema sauti nyuma yake. "Mimi niko humu tangu wafungue na chumvi sijaiona bado."

Alikuwa Opal Stambaugh, jirani yao, mjane aliyestaafu kazi ya posta. Kuponi zake hazikuwa za bahasha. Zilikaa kwenye jalada nene lenye mifuko ya plastiki, na alilipakata kama mjukuu.

"Bi Opal, mwenzako nina dakika ishirini na tano tu."

"Na mimi nina siku nzima, halafu wewe ndiye mwenye watoto. Mambo yamekaa upande kabisa." Akachungulia torolini. "Kwani siku hizi una paka?"

"Sina."

"Sasa hivi vikopo atakula nani? Dwight?"

"Vimepunguzwa karibu nusu, Bi Opal. Nilifikiri nimpe mama mkwe."

"Mama mkwe wako ana paka?"

Twyla akatazama vikopo. "Alikuwa naye."

Opal alicheka mpaka akashika rafu. "Na haradali? Nilipokuja kwako kuazima ngazi, kwenye chumba cha chini ya nyumba niliziona chupa kumi na nne zimepanga mstari. Hizi mbili mnaongeza za nini, za kuogea?"

"Lakini kwa kuponi ni za bure!"

"Bure ya kukaa rafuni. Hebu niambie, mwanangu, leo usiku mnakula nini?"

Twyla akaitazama bahasha yake. Alikuwa na kuponi arobaini na moja mkononi na hakuwa na chakula cha jioni hata kimoja. Alijua bei ya sabuni ya maji mpaka senti ya mwisho, ila hakujua wanawe wangeweka nini mdomoni usiku huo. Aliona haya kidogo. Kisha, kwa jinsi Opal alivyokuwa akimtazama na miwani imeteremka puani, naye akacheka.

"Haya," akasema. "Tuanze na tumbo."

Alikirudisha chakula cha paka mahali pake, na haradali, na chupa ya dawa ya kunukishia zulia ambayo hakukumbuka kuichukua. Akaupa mgongo ule mpangilio wa safu aliouhangaikia Jumapili jioni, akahesabu siku kwa vidole. Leo, tambi za kuoka na kuku. Kesho, maharage na soseji. Ijumaa, supu ya nyanya na mkate wa jibini uliokaangwa. Jumamosi kidole kilisimama. Akajilazimisha kuendelea: Jumamosi usiku, baada ya muziki, chapati za maji, maana Everett angeweza kuzila hata mara tatu kwa siku. Siku zilizobaki mpaka Jumanne wangekula mabaki na mayai.

Kisha akapekua bahasha kutafuta kuponi za vitu hivyo tu. Zilikuwa tisa.

"Tambi!" akaita.

"Pembeni mwa nepi!" Opal akajibu kutoka safu ya pili. "Nyanya za kopo ziko mkabala na mishumaa, usiniulize kwa nini!"

"Na unga?"

"Unga ninao mbele ya macho. Mfuko mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa, Bi Opal!"

Watu waliwageukia. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta kahawa akaamua kumfuata Opal, na baada ya dakika mbili naye alikuwa akipokea maelekezo kwa sauti ya juu.

Kwenye kaunta Twyla alibakiwa na dakika saba. Alitazama tarakimu zikipanda. Sabini. Themanini na tano. Maziwa yakapita, mayai, kuku. Zikasimama kwenye dola mia moja na mbili na senti thelathini.

Akampa keshia zile kuponi tisa.

"Hii ya soseji muda wake uliisha jana, dada," keshia akasema, akairudisha.

"Sawa. Hizo nyingine?"

Tarakimu zikaanza kuteremka, moja moja, bila haraka. Tisini na sita. Tisini na mbili. Twyla aliishika kaunta kwa mikono miwili. Tisini na nusu. Kuponi ya mwisho ilikuwa ya jibini; keshia akainyoosha kwa kucha, akaipitisha. Themanini na nane na senti thelathini.

"Unajisikia vibaya?" keshia akauliza.

"Hapana," Twyla akasema, akijifuta jicho kwa mkono wa sweta. "Ni jibini tu."

Alifika yadi kabla ya wakati. Kwenye chumba cha madereva alifungua friji, akasogeza chupa za soda za watu, akaandika jina lake kwenye mfuko wa kuku ili usionekane hauna mwenyewe. Burl akatokea na kikombe chake.

"Enhe. Columbus?"

"Mpe mwingine, bosi. Jumamosi mwanangu anapiga tromboni."

"Tromboni?" Burl akakunja uso. "Wangu aliipiga mwaka mzima. Ni sawa na ng'ombe aliyekwama kwenye tope."

"Basi nitakaa mstari wa mbele nimsikie vizuri ng'ombe wangu."

Burl akacheka, akaandika jina la dereva mwingine kwenye karatasi. "Na Jumamosi inayofuata?"

"Hiyo niulize Jumatano ijayo," Twyla akasema. Akachukua funguo, akaenda kuwasha basi. Watoto wa chekechea hawapendi kusubiri.