Madaftari Chini ya Projekta

Tangu projekta iletwe, watoto wa Gredi ya Tano walikuwa wameacha kusinzia, na Mwalimu Winrose Gatakaa alijua sababu. Moyo wa binadamu ukidunda ukutani, mkubwa kama gunia la kahawa, nani atasinzia? Hata wale wazito wa viti vya nyuma walianza kuinua mikono. Winrose alikuwa mwalimu wa kandarasi katika shule iliyojengwa mteremkoni, juu kidogo ya soko la Githongo, na chombo kile alikilinda kama yai.

Alichora fremu ukutani kwa chaki na rula, ili picha ikae humo sawasawa. Kisha akawafundisha watoto sheria, akazirudia mpaka zikawaganda kichwani: somo likiisha, taa izimwe, feni iachwe ikipoza chombo huku mmoja akihesabu kwa sauti hadi sitini, ndipo waya ung'olewe na chombo kifunikwe kwa kitambaa. Kazi hiyo alipewa Igoki, binti ya Mutwiri fundi wa mawe. Msichana huyo hakuwahi kuruka namba hata moja.

Mwanzoni mwa Oktoba picha ikakataa kukaa kwenye fremu. Kona moja ilichungulia nje. Winrose akailaumu meza, maana miguu ya meza za shule nani asiyeijua? Akaingiza daftari moja chini ya projekta, upande mmoja, picha ikatulia. Wiki iliyofuata yakawa mawili.

"Madam, leo ni manne," Igoki akasema Jumatatu moja, baada ya mvua ya siku sita mfululizo.

"Hii meza itatuua," Winrose akasema, na darasa zima likacheka.

Daftari la tano ndilo lililomnyima raha. Siku hiyo somo lilikuwa maji, naye alikuwa ameweka chupa juu ya meza, imejaa nusu, ili watoto waone jinsi uso wa maji unavyotulia. Ulikuwa umenyooka, sambamba kabisa na ubao wa meza. Igoki akainua mkono.

"Madam, baba hutumianga mpira wa maji kupima level ya nyumba. Anasema maji haidanganyi. Meza iko sawa."

"Kwa hivyo ni nini haiko sawa?" Winrose aliuliza, akidhani bado yuko kwenye somo.

"Ni ukuta, Madam."

Safari hii hakuna aliyecheka. Winrose aligeuka akaitazama fremu aliyoichora kwa mkono wake. Upande wa bondeni ulikuwa umeshuka, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa unazama upande huo. Wiki hizo zote alikuwa akiipinda picha ili ilingane na ukuta unaoanguka, na watoto thelathini na wanane wameketi chini yake.

Alikwenda ofisini mbio kueleza habari ya ukuta. Mwalimu Mkuu Kaimenyi hakuwa mtu mbaya, ila sifa ilikuwa imemlevya kidogo tangu shule yake ianze kutajwa kwenye mikutano.

"Madam Winrose, Ijumaa tuko na wazazi na watu wa elimu. Wanakuja kuona digital class, hawaji kuona nyufa. Ongeza daftari moja, tumalize hiyo siku, January tutaita fundi." Akagonga faili iliyokuwa mbele yake. "Na kandarasi yako iko hapa, inangoja sahihi yangu. Usiniaibishe."

"Sawa, Sir," Winrose akajibu. Alijichukia kabla hata hajafika mlangoni.

Ijumaa mvua ilikuwa bado inapiga mabati. Wazazi walibanana darasani, wengine wametoka moja kwa moja kuchuma kahawa, na wageni wakapewa viti vya mbele. Igoki alipanga madaftari, akasogea karibu na mwalimu wake.

"Ni nane, Madam," akanong'ona.

Watu walikuwa wamekuja kuuona ule moyo unaodunda. Badala yake Winrose alifungua picha ambazo alikuwa akizipiga kila Jumatatu kuonyesha kazi ya darasa, ukuta wote ukionekana, akazipitisha moja baada ya nyingine. Fremu ya chaki ikashuka mbele ya macho yao, wiki hata wiki. Kule nyuma, Mutwiri akasimama.

"Watoto wote nje. Sasa hivi!"

Kaimenyi alifungua kinywa kumpinga. Kipande cha plasta kikamwangukia begani, akafunga kinywa.

Nje, kwenye mvua, Winrose akahesabu watoto. Thelathini na saba. Akahesabu tena. Thelathini na saba. Ndipo aliposikia sauti nyembamba kutoka darasani, ambamo taa ya projekta ilikuwa imeshazimwa.

"Ishirini na nane. Ishirini na tisa."

Aliita, lakini mabati yalimeza sauti yake. Akaingia. Igoki alikuwa amesimama kando ya meza na kitambaa mkononi, ameupa ukuta mgongo, macho yake kwenye feni. Winrose alimshika sweta akamburuta kama mzigo. Walikuwa hawajafika kwenye mlingoti wa bendera ukuta ulipoanguka, ukavuta paa lote nyuma yake.

Kaimenyi aliketi kwenye matope na suti yake. Mutwiri alikuja akikimbia, akamkagua binti yake mikono na kichwa, akakuta hana hata mkwaruzo. Msichana hakumtazama baba yake. Alikuwa akimtazama mwalimu, na machozi yakimtoka.

"Madam, pole," akasema. "Nilikuwa nimefika arobaini na moja tu."